Mikataba ya Biashara: Nani Aisome, Nani Ailipe?

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali katika mambo ya biashara, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha. – Mhariri.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wenzangu mliopitia mabweni haya, na ninyi wadogo zetu mnaokaa sakafuni kwa sababu wazee wenu wamechukua viti vyote:

Katibu wetu aliponiandikia, aliniomba niseme jambo linalotoka kazini kwangu, lakini lisiwe la kusinzisha watu baada ya wali na nyama. Hilo la kwanza nilikubali. Hilo la pili sikuahidi, maana kazi yangu ni kusoma mikataba ya biashara kati ya nchi na nchi, na hakuna maandishi yanayoleta usingizi kuliko hayo. Naamini kwamba usingizi huo wenyewe ni sehemu ya tatizo. Jambo likiwa refu, kavu, na limeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, wananchi huliacha kwa wakubwa, na wakubwa nao huliachia kamati, na kamati hukutana wiki moja kabla ya kutia saini.

Nianze na mkorosho, kwa kuwa katika bwalo hili hapana asiyeujua. Mkulima wa Newala au Tandahimba akishapeleka korosho zake ghalani kwa mpango wa stakabadhi, na mnada ukapita, sehemu kubwa ya korosho hizo hupakiwa melini zikiwa bado na maganda yake, zikaenda India na Vietnam. Huko ndiko zinakobanguliwa, zikapangwa kwa madaraja, zikauzwa tena Ulaya na Marekani. Anayebangua hulipwa mshahara. Mwenye kiwanda hupata faida, na serikali yake hupata kodi. Hata ganda lenyewe lina mafuta yanayotumika katika rangi na katika breki za magari, nasi tunalisafirisha bure, tena kwa nauli yetu.

Kwa sababu hiyo nchi yetu imeweka ushuru juu ya korosho ghafi zinazotoka nje: asilimia 15 ya thamani, au dola 160 za Marekani kwa tani, ile itakayokuwa kubwa zaidi. Nia yake ni kumfanya mnunuzi aone afadhali kubangua hapa. Mnaweza kuniambia kwamba viwanda vya kutosha bado havijaonekana, na kwamba vile vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi viligeuka maghala na nyumba za popo. Sitabishana nanyi. Mwaka 2018 Bunge letu lilibishana kwa ukali juu ya fedha za ushuru huo, nani azishike, na watu wa mikoa hii wanakumbuka vizuri mabishano hayo yaliishaje. Lakini ule ulikuwa ugomvi wa nyumbani, na ugomvi wa nyumbani unaweza kumalizwa nyumbani. Swali langu leo ni la nyuma zaidi. Je, haki yenyewe ya kutoza ushuru ule ni yetu? Na ikiwa ni yetu, itaendelea kuwa yetu mpaka lini?

Wale wa upande wa pili wa Mto Ruvuma waliwahi kulijibu swali hilo kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 1990 Msumbiji ilikuwa imetoka vitani, inahitaji mikopo, na Benki ya Dunia ikashinikiza ushuru wa korosho ghafi upunguzwe. Hoja ilikuwa kwamba mkulima atapata bei nzuri zaidi. Viwanda vya kubangua, ambavyo vilikuwa vimetoka tu kuuzwa kwa watu binafsi, vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mkulima naye akapata nyongeza ndogo sana. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji likapitisha sheria ya kuupandisha tena ushuru huo. Likaweza, kwa sababu lile lilikuwa sharti la mkopo tu. Kama lingekuwa limeandikwa katika mkataba wa biashara, Bunge lile lingejikuta likivunja ahadi ya nchi mbele ya mataifa, na kulipizwa kwa ushuru juu ya bidhaa nyingine.

Sasa nije kwenye mkataba ninaotaka muujue. Wengi wenu mmeusikia kwa jina la EPA, yaani Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya nchi za Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Ili kuuelewa inatupasa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1969, mjini Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mapatano ya biashara na lililokuwa Soko la Pamoja la Ulaya. Mwezi Februari 1975 ukafuata Mkataba wa Lome, uliozikusanya nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki upande mmoja, na nchi tisa za Ulaya upande wa pili. Lome ilikuwa na dosari zake, lakini ilikuwa na jambo moja la busara: ilikubali kwamba pande mbili hizo hazilingani. Bidhaa zetu nyingi ziliingia Ulaya bila ushuru, na sisi hatukulazimishwa kufungua milango yetu kwa kiasi kile kile. Mwalimu wetu wa michezo alijua siri hiyo bila kusoma uchumi. Katika kuvuta kamba hakuwapambanisha kidato cha kwanza na kidato cha sita akasema mchezo ni wa haki kwa sababu kamba ni moja.

Shirika la Biashara Duniani lilipoundwa mwaka 1995, upendeleo wa namna hiyo ulianza kuonekana kuwa kosa. Nchi za Amerika ya Kilatini zilizokuwa zikiuza ndizi zililalamika, na zilikuwa na haki ya kulalamika, maana nazo zilikuwa na maskini wao. Mkataba wa Cotonou wa Juni 2000 ukaupa upendeleo wetu muda wa mwisho: tarehe 31 Desemba 2007. Baada ya hapo ilitakiwa kuwe na mikataba mipya ambayo sisi pia tungeondoa ushuru juu ya bidhaa za Ulaya.

Tulichoombwa ni hiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iondoe ushuru juu ya asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zitokazo Ulaya, hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka 25. Asilimia 17.4 zibaki na ushuru wake: humo mna mazao mengi ya kilimo, nguo, viatu, vinywaji vikali na vitu vya plastiki. Yafaa pia kusema kwamba katika zile 82.6, asilimia 65.4 zilikuwa tayari hazitozwi ushuru kwa mujibu wa forodha yetu wenyewe, kwa sababu ni mitambo, dawa na malighafi tunazozihitaji. Kwa hiyo wale waliosema soko lote litafunguliwa siku moja hawakuusoma mkataba. Wale waliosema hakuna kitakachobadilika hawakuusoma vilevile.

Kwangu mimi, uzito hauko katika asilimia. Uko katika vifungu vidogo ambavyo magazeti hayakuvitaja. Kimojawapo kinasema kwamba nchi zetu zisiweke ushuru mpya juu ya bidhaa zinazotoka nje, wala kuuongeza uliopo. Upo mwanya: ushuru unaweza kuwekwa kwa ajili ya kukuza viwanda vya ndani, lakini kwa bidhaa chache, kwa muda, baada ya kuuarifu Umoja wa Ulaya, na upitiwe upya na baraza la pamoja baada ya miezi 48. Sasa fikirini. Kiwanda cha kubangua korosho kinahitaji zaidi ya miezi 48 ili kisimame, kifundishe watu, kipate wanunuzi na kulipa deni la benki. Mwenye mtaji akijua kwamba ulinzi wake utajadiliwa tena kabla hajamaliza kulipa mashine, atajenga? Mimi nisingejenga.

Kifungu kingine kinasema kwamba tukiipa nchi nyingine kubwa ya biashara masharti nafuu zaidi, basi Ulaya nayo idai masharti hayo hayo. Maana yake tukitaka kesho kupatana na India au China kwa namna yetu, Ulaya itakuwa imekaa tayari mezani kabla chakula hakijapakuliwa.

Hapa naomba niwe mwangalifu, maana ndugu zetu wa Kenya walisemwa vibaya sana kwetu kwa sababu ya mkataba huu, na mengine hayakuwa ya haki. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Nchi hizo, tangu mwaka 2001, huuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, na hazidaiwi chochote. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kwake yeye kukataa mkataba kulikuwa na bei, na bei hiyo ilionyeshwa mchana kweupe. Tarehe 1 Oktoba 2014 mapatano yakiwa hayajakamilika, Ulaya ilianza kutoza ushuru maua na mboga za Kenya. Tarehe 16 ya mwezi huo huo mazungumzo yaliyokuwa yamesuasua kwa miaka saba yakakamilika. Ushuru ukaondolewa tarehe 25 Desemba. Mnaona jinsi saa ya ukutani inavyoweza kuwa mjumbe wa upande mmoja. Mama anayechuma waridi Naivasha alikuwa na shaka ya kazi yake kwa karibu miezi mitatu, na hakuna serikali inayoweza kumwambia asubiri tumalize kubishana juu ya kanuni.

Kwa hiyo Kenya na Rwanda zilitia saini tarehe 1 Septemba 2016. Sisi tulikuwa tumekwisha sema mwezi Julai kwamba hatuko tayari. Mzee Benjamin Mkapa, ambaye alikuwa ameiongoza nchi na kuyajua mazungumzo haya kutoka ndani, aliandika hadharani kuupinga. Mwezi Novemba 2016 jambo likaletwa Bungeni, na wabunge, wa chama tawala na wa upinzani, wakashauri tusisaini. Baadaye Kenya ikaenda peke yake: ilitia saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Tumebaki na forodha moja yenye milango miwili, jambo ambalo litawapa kazi maafisa wa Namanga na Holili kwa miaka mingi.

Sisemi haya ili mseme Tanzania ilikuwa na akili na Kenya haikuwa nayo. Ninachotaka mkione ni jinsi mwananchi alivyoshirikishwa, au hakushirikishwa, katika nchi zote mbili.

Huko Kenya, mwaka 2007, wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki serikali yao. Walidai kwamba mkataba unaogusa maisha yao unajadiliwa pasipo wao kuambiwa lolote. Kesi ilichukua miaka sita. Oktoba 2013 mahakama iliamua kwamba serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau na wananchi katika mazungumzo hayo, na kuyaweka mambo wazi ili yajadiliwe. Hebu watazameni watu hao vizuri: wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wachache, wanashika karatasi za kesi dhidi ya serikali kwa miaka sita ili tu wapewe nafasi ya kusoma. Mimi nawavulia kofia.

Huku kwetu, Katiba, katika ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ni jambo jema. Lakini angalieni utaratibu wake. Kwa kawaida mkataba hufika Bungeni ukiwa umekwisha tiwa saini, na wakati huo mbunge hawezi kubadili hata nukta. Ana maneno mawili tu, ndiyo au hapana, na hilo la pili huitwa aibu kwa taifa. Mwaka 2016 ulikuwa wa pekee kwa sababu Bunge liliulizwa kabla ya saini. Kwa maoni yangu, lililotokea mara ile kwa bahati lingefaa kuwa desturi.

Wenzangu katika kazi hii huniambia kwamba uwazi ukizidi, tutapoteza mazungumzo, maana huwezi kumwonyesha mwenzako karata zako. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inachanganya mambo mawili. Ipo siri ya msimamo, yaani tutakubali nini mwisho wa yote, na hiyo ni halali. Hata mama sokoni hamwambii mnunuzi bei yake ya mwisho. Ipo pia siri ya maandishi, yaani maneno yenyewe ambayo pande zote mbili zimekwisha yaona mezani. Yakishawekwa mezani, mgeni ameyaona. Anayefichwa sasa ni nani, kama si mwenye nyumba? Waswahili wana jina la biashara ya namna hiyo: kununua mbuzi ndani ya gunia.

Nimewahi kuketi katika kikao kimoja (mwaka na mji havina haja kutajwa, wala waliokuwa ng'ambo ya meza) ambapo kifungu kipya kililetwa saa nne usiku na jibu likatakiwa asubuhi. Wenzetu walikuwa na mwanasheria kwa kila sura. Sisi tulikuwa watu wanne, na mmoja wetu alikuwa na malaria. Tulikesha. Asubuhi tulisema kwamba hatuwezi kujibu mpaka tumewauliza watu wa kilimo nyumbani, na upande wa pili ukaonyesha mshangao, kama kwamba kuuliza nyumbani ni ushamba. Wadogo zangu, kama siku moja mtakaa katika viti vile, msione haya kuuliza nyumbani.

Tena iko mikataba ambayo ni hatari zaidi kwa sababu ni mifupi na ina sura ya urafiki. Ni ile ya kulinda vitega uchumi. Mwaka 1994 tulitia saini mmoja na Uingereza. Miaka michache baadaye, 2003, kampuni ya City Water, yenye wanahisa wa kigeni, ilipewa kazi ya maji Dar es Salaam. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba wa kazi hiyo na kuwaondoa wakuu wa kampuni nchini. Kesi ikafunguliwa katika baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, kwa kutumia ule mkataba wa 1994. Julai 2008 baraza likaamua kwamba serikali ilikosea katika namna ilivyotenda, lakini wenye kampuni hawakupewa fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa haina thamani tena wakati ule.

Tulipona, mtasema. Lakini sikilizeni kisa kilicho ndani ya kisa. Mwaka 2006 mashirika matano ya kiraia, yakiwemo ya hapa kwetu ya sheria, ya mazingira na ya jinsia, yaliomba yasikilizwe, kwa sababu maji ni haki ya watu. Yaliruhusiwa kupeleka maandishi. Hayakuruhusiwa kuingia katika kusikiliza kesi, wala kuziona nyaraka walizokuwa wakiziandikia maoni. Maji yalikuwa ya Dar es Salaam, ndoo zilikuwa za Dar es Salaam, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Na mikataba hiyo haifi kirahisi. Ule wetu na Uholanzi tuliukomesha, ukaisha tarehe 1 Aprili 2019. Lakini ndani yake palikuwa na kifungu kwamba vitega uchumi vilivyokwisha wekwa vitaendelea kulindwa kwa miaka 15 zaidi. Piga hesabu, wewe wa kidato cha kwanza unayechezea kamba ya kiatu: utakuwa umemaliza chuo kikuu, na saini ya watu waliokwisha staafu bado inafanya kazi.

Nimeombwa pia nigusie wajibu kwa jamii, maana siku hizi mikataba huandikwa sura nzima juu ya wafanyakazi na mazingira. Ule wa Kenya na Ulaya unayo sura hiyo, yenye ahadi juu ya viwango vya kazi na juu ya tabianchi, na ahadi hizo zinawafunga wote wawili. Siwezi kuzipinga. Mtu anayenyunyiza dawa katika banda la maua bila glavu wala barakoa anahitaji mtu wa kumtetea, na kama mtetezi huyo ni mkataba, na awe mkataba. Ila kuna swali ambalo nimeliuliza katika vikao na sijapata jibu la kuniridhisha: gharama ya wema huo analipa nani?

Chukueni kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yasiingie kwao kama yamelimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa sababu hata wao umewawia mgumu. Nia ni njema. Lakini ili kuthibitisha, lazima shamba lijulikane mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Kampuni yenye shamba kubwa itamwajiri mtu mmoja na kazi itaisha kwa wiki. Chama cha msingi cha Kagera au Kilimanjaro chenye wanachama mamia, kila mmoja na kihamba chake chini ya migomba aliyoachiwa na babu, kitahitaji watu, vifaa na fedha. Mnunuzi hatanunua kwa bei ya juu kwa ajili hiyo, atanunua kwingine. Kwa hiyo mkataba unaostahili kuitwa wa haki hauishii kusema mkulima afanye nini. Unaandika, kwa tarakimu, nani atalipia kazi hiyo na kwa muda gani. Mahali penye tarakimu hizo, ahadi za Ulaya hugeuka ghafla kuwa nia njema na ushirikiano. Na ruzuku wanazowapa wakulima wao, ambazo huchukua karibu theluthi ya bajeti ya Umoja huo, hazimo mezani hata kidogo. Ni kweli kwamba ruzuku juu ya bidhaa zinazouzwa nje zimekomeshwa, na mkutano wa Nairobi wa Desemba 2015 uliwabana wote. Zile za ndani zimebaki.

Sasa kwa nini nawaambia haya ninyi, na hasa vijana, badala ya kuyasema wizarani? Kwa sababu mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopitia orodha ile ya nchi zenye maendeleo duni iliona, kwa mara ya kwanza, kwamba Tanzania, pamoja na Uganda na Rwanda, imetimiza vigezo vya kutoka. Ni jambo la kujivunia, na linahitaji kuthibitishwa tena katika mapitio mengine kabla ya lolote kutokea. Lakini siku tutakapotoka, baada ya muda wa mpito wa miaka mitatu, ule mlango wa Ulaya usio na ushuru utafungwa kwetu, na tutasimama pale pale aliposimama Mkenya mwaka 2014, saa ikienda. Atakayekuwa mezani siku hiyo si mimi. Nitakuwa nimestaafu, nina kuku wangu. Atakuwa mmoja wa hawa waliokaa sakafuni. Na atakuwa na nguvu zaidi kama Afrika Mashariki itakaa upande mmoja wa meza, jambo ambalo Mwalimu Nyerere aliwaambia wajumbe wa nchi maskini waliokutana Arusha Februari 1979, alipowataka wajione kama chama cha wafanyakazi, chama cha maskini. Chama cha namna hiyo hakifai kitu ikiwa kila mwanachama huenda kwa tajiri peke yake usiku.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimeleta nakala ya mkataba wa Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, pamoja na ule mfupi wa vitega uchumi wa 1994. Ule wa kwanza una mamia ya kurasa ukihesabu majedwali. Naomba vikae maktabani, si ofisini kwako katika kabati lenye kufuli, maana kabati hilo nalikumbuka. Naiomba klabu ya midahalo iviazime, na mwalimu wa Kiswahili awape kidato cha tano kifungu kile cha ushuru wa bidhaa zinazotoka nje, wakiandike upya kwa maneno ambayo baba zao wanaweza kuyasomewa mnadani, siku ya korosho. Wakishindwa mahali, waniandikie. Anuani yangu anayo Katibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na huyu hawezi kukataliwa. Nipo tayari kwa maswali, ila naomba waanze wa kidato cha nne. Wazee watauliza wakati wa chai.